Walinzi wa kaya hawali majani

Simama stejini Tezo saa kumi na mbili jioni, pale kwenye barabara ya Kilifi kwenda Malindi, uhesabu pikipiki zinazopita. Kuna zilizobeba abiria na zilizobeba mitungi ya mnazi. Kuna pia zilizobeba magunia ya makaa yaliyofungwa kwa kamba, hadi ukiangalia kwa nyuma dereva haonekani. Anayeendesha mara nyingi ni kijana wa rika lako. Hana chuki na msitu. Ana mkopo wa pikipiki, ana mtoto nyumbani, na gunia linalipa leo jioni, si mwisho wa mwezi.

Sasa mwambie kijana huyo kwamba ipo kazi nyingine ya msitu. Atatembea usiku na mchana kukagua miti isikatwe, atawakabili watu wenye mapanga na msumeno wa mashine, na malipo yake ni baraka za wazee. Akikucheka usimlaumu.

Hilo ndilo tatizo la ulinzi wa misitu ya kaya hapa Pwani, na ni ajabu kwamba tunalizungumzia kama tatizo la mila. Kila semina utasikia "vijana wameacha utamaduni". Eti tumepotoka, eti TikTok imetuharibu. Ukikaa chini ukapiga hesabu utaona jambo jingine. Tumeachia wazee wachache kazi ambayo kwingineko duniani ina bajeti, ina mkataba, ina sare na ina meneja. Kisha tunashangaa msitu unapungua.

Kwa wewe unayesoma haya ukiwa Mtwapa, Bamburi au Nairobi na neno kaya kwako ni jina la ukumbi wa harusi, hebu turudi nyuma kidogo. Kaya zilikuwa vijiji vyenye ngome vya Wamijikenda, vilivyojengwa ndani ya msitu kwa ajili ya usalama. Wataalamu huzirudisha hadi karne ya 16. Watu walianza kutoka taratibu kutafuta mashamba, na kufikia miaka ya 1940 kaya nyingi zilikuwa zimebaki bila wakazi. Lakini hazikuachwa. Makaburi ya waliotangulia yamo humo, fingo limezikwa humo, na baraza la wazee likabaki na amri ya nani aingie, kwa njia ipi, na nini kisiguswe. Hukati mti, hulishi mbuzi, huokoti hata kuni. Ukivunja mwiko unatozwa mnyama wa kafara, na jina lako linatajwa mbele ya watu.

Amri hizo zilifanya kazi ambayo vitabu vya mazingira viliigundua baadaye. Mashamba yalipoenea pande zote, kaya zikabaki kama visiwa vya msitu wa asili, na wataalamu wa mimea waliozipima kuanzia miaka ya 1980 walikuta humo mimea ambayo ni adimu kwingine kote nchini. Kuanzia mwaka 1992 serikali ilizitangaza moja baada ya nyingine kuwa turathi za kitaifa. Makavazi ya Kitaifa yakaunda kitengo maalumu cha kuhifadhi misitu ya Pwani. Mwaka 2008, UNESCO iliingiza kaya 10 kwenye orodha ya Turathi za Dunia, na nyingi kati ya hizo ziko hapa Kilifi: Kauma, Jibana, Kambe, Ribe, Rabai, na Kaya Fungo ya Wagiriama. Zote 10 kwa pamoja ni hekta 1,538 tu, zilizotawanyika kwenye ukanda wa karibu kilomita 200.

Mwaka mmoja baadaye, 2009, UNESCO hiyo hiyo iliandika mila za kaya kwenye orodha nyingine, na hii ndiyo tunayopenda kuisahau. Ni orodha ya mila zinazohitaji kuokolewa kwa haraka. Kwa hivyo dunia ilitupongeza mwaka 2008 kwa msitu, na mwaka 2009 ikatuambia kwamba wanaoulinda wanaisha.

Wanaisha vipi? Kuna wanaokufa kwa uzee, hilo ni la Mungu. Na kuna wanaouawa.

Hapa inabidi tuseme wazi, maana makala nyingi za mazingira hulipita hili kwa mbali. Kilifi ni kaunti ambayo mvi zimekuwa hatia. Kwa miaka sasa wazee wanakatwa mapanga kwa kuitwa wachawi. Wengine wamefikia kupaka nywele rangi nyeusi ili wasitambulike kwa uzee wao. Maafisa wa usalama, viongozi wa dini na watetezi wa haki wamelisema mara nyingi kwamba nyuma ya tuhuma za uchawi mara nyingi kuna shamba. Mzee anamiliki ekari tano, mtoto anataka kuuza, mzee anakataa. Wiki mbili baadaye mtoto wa jirani anaugua, na jina la mzee linaanza kuzunguka kijijini. Wanaotumwa kumaliza kazi ni vijana, na wanaotuma wakati mwingine ni watoto wake wa kuwazaa.

Huko Ganze, Kaya Godoma imegeuka kuwa kimbilio. Wazee waliokimbia watoto wao wamepewa hifadhi hapo. Babu zao waliingia kwenye kaya kuwakimbia maadui kutoka nje. Hawa wamerudi kaya kuwakimbia wajukuu.

Sasa niambie, utaendeshaje mpango wa walinzi wa ardhi juu ya msingi huo? Mfumo mzima wa kaya umesimama kwenye neno la mzee. Mzee akisema mti huu haukatwi, haukatwi. Nguvu ya neno hilo haikutoka kwenye bunduki wala kwenye kifungu cha sheria, ilitoka kwenye heshima, na tuseme ukweli, kwenye hofu pia. Kijana anayemwona mzee kama mchawi wa kuuawa hawezi jioni hiyo hiyo kumtii kuhusu mti. Anayekata mzee na anayekata mti mara nyingi wanatafuta kitu kimoja, nacho ni ardhi iliyo wazi, isiyo na mtu wa kusema hapana.

Tezo lenyewe linaonyesha jambo jingine. Wengi wa wanaoishi Tezo, Mtondia na Roka ni watu ambao familia zao zilihamia kutafuta shamba, hasa kwenye mipango ya makazi ya serikali: Wagiriama, Wachonyi, Wakauma, wote wamechanganyika. Mtu anazaliwa Tezo, anasoma Tezo, na kaya yake iko ndani huko, kupita Jaribuni au juu Kaloleni, mahali ambapo hajawahi kukanyaga. Akiulizwa kaya yake anataja jina kama mtu anayetaja timu ya mpira ya baba yake. Nimeuliza wenzangu kadhaa swali hili na wengi wakacheka tu. Mimi mwenyewe niliingia kaya mara ya kwanza nikiwa mtu mzima, tena na wageni.

Kwa hivyo wanaobaki kulinda ni wale wa vijiji vilivyopakana na msitu. Hao ndio wanaosikia shoka likilia usiku. Miradi ya wafadhili imekuja, ikaajiri walinzi vijana chini ya wazee, ikawapa viatu na posho kidogo, na mradi ulipoisha posho ikaisha nayo. Viatu vikachakaa. Kijana akarudi kwenye boda au mjengo, na wengine, tusidanganyane, wakarudi kwenye makaa, safari hii wakiujua msitu vizuri zaidi.

Hata anapokuwa na posho, mlinzi huyo ana mikono mitupu. Fikiria umewakuta watu watatu na msumeno saa saba usiku. Huna uwezo wa kisheria wa kumkamata mtu. Unampigia mzee, mzee anampigia chifu, chifu anawapigia watu wa Shirika la Misitu, KFS, nao gari lao liko upande mwingine wa kaunti. Ikifika asubuhi umebaki na kisiki, na watu watatu wanaojua jina lako na nyumba ya mama yako. Kazi ya hatari namna hiyo haitaki moyo wa kujitolea peke yake.

Kumbe sheria haiko mbali. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 ina nafasi ya walinzi wa turathi wanaoteuliwa rasmi. Katiba ya 2010, kifungu cha 63, inahesabu misitu ya jamii na mahali patakatifu kuwa sehemu ya ardhi ya jamii. Sheria ya Misitu ya 2016 inaruhusu vyama vya jamii kusimamia misitu pamoja na KFS. Kilichokosekana ni mtu wa kuunganisha vipande hivi hadi kijana wa Jaribuni, jirani na Kaya Kauma na machimbo ya madini ya chuma, awe na kitambulisho kifuani ambacho polisi wa zamu anakitambua.

Watu husema jambo hili haliwezekani, mila na mshahara havikai pamoja. Hebu tuwatazame Wahaida. Hawa ni wenyeji wa visiwa vya Haida Gwaii, magharibi mwa Kanada. Vijiji vyao vya kale viliachwa baada ya magonjwa kuwamaliza watu, vikabaki na nguzo kubwa za mbao zilizochongwa kwa ajili ya wafu. Mwaka 1981 wakaanza kujitolea kukaa kwenye vijiji hivyo majira ya kiangazi, kwa sababu wageni walikuwa wakiingia kiholela na kuharibu. Walianza bila malipo, kama wazee wetu. Mwaka 1993 walitia saini makubaliano na serikali ya Kanada ya kusimamia eneo hilo pamoja, na leo walinzi hao ni waajiriwa. Mzee na kijana wanakaa kambi moja msimu mzima, mgeni haruhusiwi kutia mguu ufukweni kabla ya kuwaita, na katika mazungumzo ya jioni kijana anarithi hadithi ya kila nguzo. Utakatifu wa mahali haukupungua kwa sababu mlinzi amelipwa.

Nguzo za kuchongwa kwa ajili ya wafu! Sisi tunazo vigango. Na vigango vyetu vilienda wapi? Kuanzia miaka ya 1970 na 1980 viling'olewa bomani, vikauzwa kwenye maduka ya watalii, vikaishia kwenye nyumba za matajiri na makavazi ya Marekani. Makavazi kadhaa yameanza kuvirudisha, na ni vizuri. Lakini aliyevichomoa ardhini usiku hakuwa Mmarekani. Mara nyingi alikuwa kijana wa hapo hapo, asiye na kazi, aliyepewa pesa kidogo na dalali. Tunazungumza juu ya kijana yule yule wa magunia ya stejini, miaka 40 kabla.

Basi tufanye hesabu, maana hapa ndipo mjadala huwa unakwepwa. Chukua kaya zote 10 za UNESCO, uweke walinzi sita kila moja. Hao ni watu 60. Walipe Sh500 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Kila mmoja anapata Sh13,000, si pesa za kujivunia lakini zinaingia kwa simu kila mwezi na zinajulikana. Jumla kwa mwaka ni Sh9.36 milioni. Ongeza viatu, makoti ya mvua, bima na simu za kupigia picha na kuweka alama ya mahali palipokatwa, bado sioni ukivuka Sh15 milioni. Ugawe mzigo huo kati ya Kilifi, Kwale na serikali kuu. Kaunti zinazopanga bajeti kwa mabilioni haziwezi kusema pesa hiyo haipo.

Serikali nayo inajua kulipa vijana kwa kazi ya mazingira ikitaka. Mwaka 2020 wakati wa korona kulikuwa na Kazi Mtaani, Sh455 kwa siku kwa kufyeka na kuzibua mitaro, ingawa malalamiko ya malipo kuchelewa hayakuisha. Mwaka 2024 ukaja mradi wa ClimateWorx Mtaani wa kusafisha mito ya Nairobi. Tunaambiwa pia kuna lengo la kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032, na Novemba 2023 tulipewa likizo nzima ya kupanda miche. Mimi nilipanda mmoja. Sijui kama uko hai. Ila nashangaa taifa linalofunga ofisi siku nzima ili kupanda miche, halafu linakosa Sh500 ya kumlipa anayelinda mti wa miaka 200 uliokwisha kuota.

Lakini tusikimbilie kusema serikali itoe, tumemaliza. Pesa ya serikali huja na jamaa zake. Ukitangaza nafasi 60, ujue MCA ana binamu, chifu ana shemeji, na kila anayetaka ugavana ana kikosi cha kampeni kinachodai shukrani. Na wazee wa kaya wenyewe si malaika. Kila uchaguzi tunawaona wanasiasa wakivishwa vazi la kaya na kupigwa picha, leo huyu kesho mpinzani wake, na makundi ya wazee yakigombana nani ndiye msemaji wa kweli. Mpango wa walinzi ukiingia kwenye mikono hiyo bila kanuni, utakufa kabla ya mvua za pili.

Ndiyo maana suala la nani anasimamia ni kubwa kuliko suala la nani analipa. Kwa maoni yangu wazee wachague, lakini wasishike pesa. Walinzi watoke vijiji vilivyopakana na msitu, majina yasomwe hadharani barazani, na mtu yeyote aruhusiwe kupinga jina. Malipo yatoke moja kwa moja hadi simu ya mlinzi. Kila doria iandikwe: tarehe, njia iliyopitwa, visiki vipya. Rekodi hiyo ikae nakala mbili, moja kwa wazee na nyingine kwa Makavazi, ili siku kesi ikifika mahakamani kuwe na kitu cha kumwonyesha hakimu badala ya "tulisikia". Na meneja aajiriwe kwa ushindani, ajue Kigiriama au Kikauma, na aweze pia kuandika ripoti ambayo mfadhili hatairudisha.

Na wasichana wawemo. Nasikia mtu akisema kaya ni ya wanaume. Mwaka 1913 aliyewasimamisha Wagiriama dhidi ya Waingereza alikuwa Mekatilili wa Menza, mwanamke mjane, na viapo vilivyowaunganisha watu vililiwa Kaya Fungo. Waingereza wakampeleka Kisii, akatoroka akarudi kwa miguu. Mwaka 1914 wakailipua kaya yenyewe kwa baruti. Wakoloni walielewa kwamba ukitaka kuchukua ardhi ya watu hawa, unaanza na msitu wenye wazee.

Zipo njia za kuongeza kipato bila kungojea Nairobi. Pale Gede, mradi wa Kipepeo umekuwapo tangu 1993. Majirani wa msitu wa Arabuko-Sokoke wanafuga vipepeo na kuuza pupa wao nje ya nchi, na watu waliokuwa wakitaka msitu ukatwe wapewe mashamba walianza kuuona kwa jicho jingine. Mida Creek, tangu 2001, ada za watalii zimekuwa zikisaidia karo za watoto wa majirani wa msitu. Kaya Kinondo kule Kwale inapokea wageni kwa kiingilio. Gazi, mradi wa Mikoko Pamoja unalinda hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya ukaa tangu 2013, na pesa imeingia kwenye maji na shule za kijiji. Ila msije mkadanganywa na madalali wa kaboni wanaozunguka vijijini na mikataba ya miaka 30. Kaya ni ndogo. Ukiuza kaboni ya hekta chache, ukamlipa mpimaji, mkaguzi na wakala, kinachobaki hakitoshi hata viatu. Kaya itabidi ilipiwe kwa sababu ni kaya, kama tunavyolipia Fort Jesus bila kuuliza inatoa kaboni kiasi gani.

Anayesema vijana wa huku hawajali ardhi asome habari za Uyombo. Mwaka 2024, mpango wa kujenga kinu cha nyuklia huko, karibu na Mida Creek na Arabuko-Sokoke, uliwatoa watu barabarani, wakapigwa, na vijana walikuwa mstari wa mbele. Walijua majina ya samaki, walijua mkondo wa maji, walijua nani amekuja kupima shamba la nani. Hakuna aliyewalipa. Hasira ya siku moja inaweza kufanywa bure. Kutembea msituni kila usiku kwa miaka kumi ni kazi, na kazi hulipwa.

Kila mwaka kaunti huitisha vikao vya maoni ya bajeti kwenye wadi, na Tezo ni wadi. Huwa vinajaa wazee na wanachama wa vikundi, vijana tukiwa nje tukisubiri soda. Mwaka huu ingia ndani, omba ile karatasi ya makadirio, na umuulize afisa wa kaunti mbele ya MCA wako: pesa ya walinzi wa kaya iko ukurasa wa ngapi?